Mwambao wa Mweru: Amri, Samaki na Maradhi

(Muziki wa ufunguzi. Unashuka taratibu. Sauti ya maji na kasia.)

MSIMULIZI: Popote ulipo, iwe Nchelenge au Kashikishi, Pweto au Kilwa, Chiengi au makazi ya Mantapala, vuta kiti usogee karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya uongozi wakati wa maradhi ya mlipuko. Tunauliza swali moja: ugonjwa unapoingia mwambaoni, nani anatoa amri, na amejifunza wapi kuitoa?

Tuanze na picha ambayo kila mvuvi wa ziwa hili anaijua. Ni usiku, mvua inanyesha. Katika kambi ya uvuvi kisiwani, kijana mmoja ameanza kuharisha maji meupe kama maji ya kuoshea mchele. Kabla ya alfajiri macho yameingia ndani na miguu inakakamaa. Wenzake wanajua kwamba hospitali iko ng'ambo, Kashikishi, na kwamba ziwa limechafuka. Je, wamvushe? Wamwambie nani? Mitumbwi mingine izuiwe kuondoka asubuhi? Na samaki waliokaushwa, ambao mwenye gari anawasubiri, waende sokoni au wabaki?

Katika saa zile kiongozi wa dharura si waziri, wala si daktari wa mkoa. Ni mtu yeyote aliyepo pale ambaye wenzake watamsikiliza. Kama amefundishwa, roho za watu zitaokoka. Kama hajafundishwa, atafanya anachoweza. Na kama watu wa mwambao wamewahi kuumizwa na amri za afya, huenda hata akifundishwa wasimwamini. Ndiyo maana tunarudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

(Muziki mfupi.)

MSIMULIZI: Ziwa Mweru lina ukubwa wa kilometa za mraba 5,000 na ushee. Mto Luapula unaingia upande wa kusini, na maji yanatoka kaskazini pale Pweto kwa mto Luvua kuelekea Lualaba. Mwaka 1894 Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji walikubaliana mpaka upite katika mto na ziwa hili. Kwenye karatasi ukawa mstari. Kwa watu wa ziwani, ng'ambo ilibaki kwa shemeji, kwa mjomba, na sokoni.

Wakati huo huo, mbali kaskazini, ugonjwa wa malale ulikuwa unaua watu kando ya Ziwa Viktoria. Huko Uganda, kuanzia mwaka 1900, zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka michache. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walionyesha kwamba ugonjwa unaletwa na mbung'o. Katika kazi ya kukusanya mbung'o kutoka kila pembe ya Buganda, wataalamu hao walisaidiwa na Katikiro Apolo Kagwa na machifu wake. Kumbuka jambo hilo, msikilizaji. Elimu ya maabara ilihitaji watu wenye sauti vijijini, na bila wao ramani ya mbung'o isingechorwa upesi namna ile.

Lakini hatua iliyofuata haikuwa ya kushauriana. Gavana Hesketh Bell aliamua kwamba kwa kuwa mbung'o hawawezi kuondolewa ufukweni, wataondolewa watu. Kuanzia mwaka 1906 vijiji vya kando ya ziwa vikahamishwa, na mwaka 1909 visiwa vya Sese vikaachwa bila watu.

Habari hizo zilifika kwetu. Mwambao wa mashariki wa Mweru ulikuwa sehemu ya North-Eastern Rhodesia, nchi iliyotawaliwa na Kampuni ya British South Africa kutoka Fort Jameson, mji unaoitwa leo Chipata. Kutoka Fort Jameson hadi Mweru ni safari ya siku nyingi kwa miguu. Kampuni iliogopa kwamba malale yatavuka kutoka Kongo. Wataalamu wa Chuo cha Liverpool cha maradhi ya nchi za joto, Allan Kinghorn na Eustace Montgomery, walizunguka nchi miaka ya 1907 hadi 1909. Walikagua tezi za shingo za watu na kutafuta mbung'o. Mbung'o wa kando ya maji walipatikana Luapula na Mweru. Wagonjwa walipatikana pia, lakini walikuwa wachache mno ukilinganisha na Uganda.

Hata hivyo dawa iliyochaguliwa ilikuwa ile ile. Vijiji vya kando ya mto na ziwa vikaamriwa kuhamia bara. Kuvuka kwenda Kongo kukapigwa marufuku. Uvuvi, ambao ndio shamba la watu hawa, ukawekewa vizuizi vikali.

(Sauti ya maji inasikika kidogo, kisha inanyamaza.)

MSIMULIZI: Fikiri maana yake kwa mama wa Kishila au wa Kilunda wa siku zile. Mboga yake ilikuwa samaki. Chumvi, jembe na nguo alivipata kwa kuuza samaki. Muhogo wake ulikuwa ardhini, haujakomaa. Anaambiwa ahame kwa sababu ya ugonjwa ambao katika kijiji chake huenda hajaona mtu hata mmoja aliyekufa nao. Haelezwi atakula nini. Haelezwi atarudi lini.

Na yote haya yalikuja wakati mbaya kwa biashara. Mwaka 1910 mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ulianzishwa kwa ajili ya migodi ya shaba, na wachimbaji walihitaji chakula. Soko la samaki lilikuwa linafunguliwa ng'ambo, na mlango wa ziwa ukafungwa upande huu.

Watu walifanya nini? Walifanya kile ambacho watu hufanya amri inapowanyima chakula. Wengine walitii. Wengine walirudi ufukweni kwa siri wakavua usiku. Wengine walivuka na kwenda kukaa upande wa Kongo. Hapo ndipo amri ilipojipinga yenyewe: ilikusudiwa kuzuia watu wasivuke, ikawapa sababu ya kuvuka. Na mtu anayevua kwa kujificha hawezi kwenda kwa mganga wa serikali kusema shingo yangu imevimba.

Kuna jambo lingine. Miaka ile ile, katika bonde la Luangwa, iligunduliwa aina nyingine ya malale, kali zaidi. Mwaka 1912 Kinghorn, safari hii pamoja na Warrington Yorke, alionyesha kwamba aina hiyo inaletwa na mbung'o wa porini, yule anayekaa katika misitu ya miombo mbali na maji, na kwamba wanyama wa mwituni wanabeba vimelea vyake. Basi waliotoa amri walikuwa wamewatoa watu kwa mbung'o mmoja bila kuwa na hakika juu ya yule wa pili huko bara walikowapeleka.

Hatuwalaumu kwa kutojua kilichokuwa bado hakijagunduliwa. Kila dharura huanza kabla ukweli haujakamilika. Tunachojifunza ni kwamba amri iliyotolewa kwa elimu nusu lazima iwe na mlango wa kurekebishwa. Amri ya Mweru haikuwa nao. Vizuizi viliendelea, na vya mwisho viliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kuhama alirudi ufukweni akiwa na umri wa kuchunga mbuzi.

(Muziki mfupi.)

MSIMULIZI: Msikilizaji, tusiseme kwamba amri zote za afya ni mbaya. Kuna wakati amri ya mapema huokoa maelfu. Twende kwa muda mfupi kaskazini mwa Uganda, mji wa Gulu, Oktoba mwaka 2000. Tunakwenda huko kwa sababu tunatafuta mfano wa kiongozi aliyetoa amri nzito na watu wakamfuata.

Katika hospitali ya Lacor, wanafunzi wa uuguzi walianza kufa kwa ugonjwa usioeleweka. Mganga mkuu, Dakta Matthew Lukwiya, alikuwa Kampala akisomea afya ya jamii. Aliitwa, akarudi Gulu, akakesha akisoma mafaili ya wagonjwa pamoja na wenzake. Alipoona damu, homa na vifo vinafuatana, hakungoja majibu ya maabara. Alifungua wodi ya kutenga wagonjwa, akachagua wafanyakazi wa kujitolea, akawaeleza namna ya kuvaa na kuvua mavazi ya kinga, na akapiga simu kwa wakubwa wa wizara. Majibu yalipokuja yakasema ni Ebola, wodi ilikuwa tayari inafanya kazi.

Kisha wauguzi wakaendelea kufa, na waliobaki wakakata tamaa. Lukwiya aliwakusanya, akazungumza nao, na yeye mwenyewe akaendelea kuingia wodini. Tarehe 5 Desemba mwaka 2000 akafa kwa ugonjwa ule ule. Mlipuko ulipokwisha, watu 425 walikuwa wameugua na 224 wamekufa. Bila hatua za siku zile za mwanzo, hesabu ingekuwa kubwa zaidi.

Tofauti ya Gulu na Mweru ya zamani ni ipi? Lukwiya naye aliamuru. Lakini aliamuru akiwa ndani ya hatari ile ile, mbele ya watu wanaomjua, akiwaeleza sababu. Na alikuwa amejifunza kusoma dalili za mlipuko kabla mlipuko haujaja. Ujasiri alikuwa nao mwenyewe. Namna ya kupanga wodi alifundishwa. Vyote viwili vilihitajika.

(Muziki mfupi. Sauti za soko.)

MSIMULIZI: Sasa turudi nyumbani. Miaka ya karibuni mwambao wa Mweru umejaribiwa tena. Vita vya Kongo vilileta watu wengi kuvuka miaka ya 1999 na 2000, wakapokelewa katika kambi za Mwange na Kala. Kuanzia mwisho wa Agosti 2017, mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwavusha maelfu wengine. Walipokelewa kituo cha Kenani, hapa wilayani Nchelenge, na kuanzia mwaka 2018 wakahamishiwa makazi ya Mantapala. Watu wengi, vyoo vichache, maji ya kugombania, watoto ambao kadi zao za chanjo zimebaki Moba au Pweto: kila mfanyakazi wa afya anajua hiyo ni hatari ya namna gani.

Kipindupindu nacho hakiko mbali. Mwaka 2023 kiliingia katika wilaya za uvuvi za Luapula, Nchelenge ikiwamo. Kuanzia Oktoba mwaka huo kikalipuka Lusaka, na kabla hakijaisha mwaka 2024, nchi nzima ya Zambia ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 20,000 na vifo zaidi ya 700. Uwanja wa mpira wa Heroes uligeuzwa kuwa kituo cha matibabu.

Zambia haikukaa bure katika miaka hiyo. Taasisi ya Taifa ya Afya ya Umma, inayoitwa kwa kifupi ZNPHI, iliundwa mwaka 2015. Mwaka 2017 Umoja wa Afrika ulizindua kituo chake cha kudhibiti magonjwa, Africa CDC, na ofisi yake ya kusini mwa Afrika iko Zambia. Yapo mafunzo ya wapelelezi wa magonjwa, wanaofundishwa kazini huku wakitumikia wilaya zao. Kenya ilianza mafunzo ya namna hiyo mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2008. Yapo pia mafunzo ya kuongoza dharura yenyewe.

Watu hufundishwa nini humo? Kwanza, kwamba kila tukio liwe na kiongozi mmoja anayejulikana, na chini yake wawepo wa kutibu na kupeleleza, wa kupanga, wa vifaa na usafiri, na wa fedha. Bila hivyo, magari matatu hupeleka klorini kijiji kimoja na kijiji cha pili hukosa hata ndoo. Pili, hufundishwa kuhesabu muda. Kipimo kinachotumika sasa ni saba, moja, saba: ugonjwa ugunduliwe ndani ya siku saba, taarifa ifike ndani ya siku moja, na hatua za kwanza zikamilike ndani ya siku saba. Tatu, hufanya mazoezi ya mezani. Watu huketi, wanapewa kisa cha kubuni, na kila mmoja anasema angefanya nini. Makosa yanayofanyika mezani hayaui mtu.

Haya yote ni mema. Lakini ukiyaleta ziwani, historia inayauliza maswali.

Ile siku moja ya taarifa: huko Lusaka ni simu. Kisiwani Kilwa au Chisenga ni mtumbwi, mafuta ya injini, na upepo. Basi kiongozi wa Nchelenge anayefanya zoezi lake bila mtumbwi mezani amefanya zoezi la mji mwingine.

Kalenda nayo ina neno. Kila mwaka uvuvi upande wa Zambia hufungwa kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Hiyo ndiyo miezi ya mvua, na kipindupindu hupenda mvua. Kwa hiyo kila Machi, ziwa linapofunguliwa, wavuvi humiminika kambini wakati maji bado ni machafu na udongo umejaa maji kiasi kwamba shimo la choo halichimbiki. Mtu wa mwambao anaijua tarehe hiyo kuliko mtaalamu yeyote. Klorini, chumvi ya kurudisha maji mwilini na wahudumu wanapaswa kufika Februari, wasingoje mgonjwa wa kwanza wa Machi.

Halafu kuna biashara. Chisense, wale dagaa wetu wadogo, huanikwa mchangani na kupakiwa magari yaendayo Copperbelt. Kiongozi akisema funga soko, amesema pia kwamba mama fulani asilipe ada ya shule. Huenda kufunga kunalazimika. Lakini kabla ya kufunga aulize: tunaweza kuweka maji ya kunawa na vyoo sokoni badala yake? Kama hatuwezi, tunafunga siku ngapi, na mwenye soko atakula nini? Watawala wa Kampuni hawakuuliza hivyo, na ndiyo maana watu walivua usiku.

Kuna ng'ambo pia. Kipindupindu hakijui mpaka wa 1894. Kiongozi wa upande huu asiye na namba ya simu ya mwenzake wa Kilwa ya Kongo au Pweto anaona nusu ya ziwa tu. Na hapa msikilizaji wa Mantapala ana kitu cha kutoa. Mtu anayesema Kiswahili na Kibemba, mwenye ndugu pande zote mbili, ni daraja la habari. Anafaa kukaa katika meza ya mafunzo, asiitwe tu siku ya kutafsiri tangazo.

Mwisho, kuna siku ya kumaliza. Kila amri iwe na tarehe ya kuangaliwa upya, na watu waambiwe siku hiyo imefika. Wazee wa 1910 walingoja zaidi ya miaka kumi kuambiwa warudi.

(Sauti ya maji na kasia inarudi.)

MSIMULIZI: Turudi basi kwa yule kijana kisiwani. Ni usiku ule ule, mvua ile ile. Lakini safari hii kambi ina mtu aliyefundishwa. Si daktari. Ni mwenyekiti wa wavuvi, au mama anayeuza maandazi. Anajua kwamba kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache, na kwamba wagonjwa wengi hupona wakipewa maji ya kutosha mapema. Anafungua pakiti ya chumvi iliyowekwa kambini tangu Februari, anaichanganya na maji yaliyochemshwa, na anamnywesha kijana kidogo kidogo bila kuacha. Anawaambia wengine wanawe mikono, wasichote maji pale walipofulia nguo zake. Anapiga simu. Upepo unapotulia, mtumbwi unavuka, na kule Kashikishi wanamngojea kwa sababu wamekwisha ambiwa.

Asubuhi anawaomba wenzake wasitawanyike mpaka timu ya wilaya ifike mchana. Wanakaa. Wanakaa kwa sababu wanamjua, wamesikia sababu, na wameambiwa ni mpaka mchana.

Hayo, msikilizaji, ndiyo mafunzo ya uongozi tunayoyahitaji mwambaoni. Mkuu wa wilaya anayahitaji, daktari anayahitaji, na chifu pia. Lakini yasipomfikia yule mwenye mtumbwi, yataishia ukumbini.

(Muziki wa kufunga unapanda, kisha unashuka.)

MSIMULIZI: Kwa wale wanaotusikiliza katika vikundi, haya ndiyo maswali ya kuzungumza wiki hii. Kwanza: katika kambi au kijiji chenu, mtu akiugua ghafla usiku, nani ataambiwa wa kwanza, na je, yeye anajua hivyo? Pili: wazee wenu wanakumbuka nini kuhusu nyakati ambazo watu walizuiwa kuvua au kuvuka kwa sababu ya ugonjwa? Tatu: kama soko lenu lingefungwa kesho kwa siku saba, kaya zipi zingekosa chakula, na nani angeweza kuzisaidia? Andikeni majibu, au mtume mtu ayapeleke kwa mhudumu wa afya wa eneo lenu.

Chemsheni maji, naweni mikono, na mlale salama.

(Muziki. Mwisho wa kipindi.)